Wachache, Mmoja Hamwoni Mwenzake

Pale Ghuba ya Pettee, katika jimbo la Maine, mvuvi akifunga boti gatini haulizwi habari za kazi ili aseme kweli. Anaulizwa kwa adabu tu, naye anajibu kwa adabu.

"Kambakoche wakoje leo?"

"Wachache, na mmoja hamwoni mwenzake."

Boti inaweza kuwa imelemewa na makreti hadi maji yanachungulia ndani, kambakoche wanapandana humo na kukwaruzana magamba, na bado jibu ni lile lile. Aliyeuliza hutikisa kichwa kwa huruma kana kwamba macho hana. Ni sawa na mtu mwenye homa ya kutetemeka anapoitikia "sijambo". Hakuna anayedanganyika na hakuna anayeudhika.

Arvilla Crowley alizaliwa ndani ya jibu hilo. Babake alilisema, mumewe alilisema mpaka asubuhi ile bahari ilipomchukua, na mwanawe Dana alilijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Yeye mwenyewe alikuwa akiliandika. Gazeti la wilaya lilitoka kila Alhamisi, na habari za Ghuba ya Pettee zilikuwa zake. Usidhani alikuwa mwandishi wa kuajiriwa. Shule aliiachia darasa la sita akaenda kiwandani kupanga dagaa makoponi, na vidole vyake bado vilikuwa na makovu ya mikasi ya huko. Aliandika kwa penseli kwenye meza ya jikoni: fulani kajifungua, fulani amefikiwa na wageni, kanisa limeuza pai. Na mwisho, kila wiki, sentensi yake: kambakoche ni wachache, na mmoja hamwoni mwenzake.

Watu wa Pettee waliisoma wakatabasamu. Watu wa Stave, bandari ya upande wa pili, waliisoma wakatabasamu pia, wakabaki kwao. Maana kati ya bandari hizo mbili upo mpaka majini ambao hauko kwenye ramani yoyote ya serikali. Unatoka mnara wa taa hadi Mwamba Mweusi. Babu yake Dana alichomewa boti kwa sababu ya mpaka huo, naye akamvunja mtu taya kwa kasia. Baada ya hapo pakatulia miaka na miaka, na aliyetuliza si hakimu. Kilichotuliza ni kwamba kila upande uliendelea kuuambia mwenziwe kuwa huku kwetu hakuna cha kufuata.

Sasa sikia lilivyoharibika, wewe mwenye kijana wa baharini na mwenye kalamu mkononi.

Kiangazi hicho Dana alipata mahali. Chini ya Mwamba Mweusi, upande wa Pettee lakini ukingoni kabisa, kambakoche walikuwa wamejaa kwenye nyufa za mawe kama viazi ndani ya gunia. Kila dema la kutegea alilovuta lilikuja zito. Hakumwambia mtu. Alimwambia mkewe, Paige, kwa sababu alikuwa mgeni kwenye ndoa na bado alipenda kumfurahisha, na mamake hakuhitaji kuambiwa. Aliona boti inavyorudi imekaa chini majini.

Wiki hiyo hiyo Arvilla aliingia duka la barabara kuu, la bandari zote mbili, kununua unga. Lowell Dorr alikuwa ameegemea meza ya kahawa pamoja na watu wake wa Stave. Huyu Lowell walisoma darasa moja, na alikuwa akimvuta nywele tangu wakati huo.

"Vila!" akaita. "Mwanao bado anavua mwani?"

Wanaume wakacheka.

"Boti mpya kama ile," Lowell akaendelea, "mimi ningefugia kuku. Angalau ningepata mayai."

"Marehemu babake naye alikuwa hivyo hivyo," mmoja akadakia. "Akirudi na kambakoche wawili, anawapa majina."

Arvilla alicheka nao, ndivyo inavyotakiwa. Alilipa unga wake, akatoka. Lakini kicheko kile alikuja nacho nyumbani, akakaa nacho mezani, akachukua penseli.

Paige alikuwa anasugua masufuria. Alikuwa mwalimu, mtoto wa mjini, binti mwema asiye na maringo. Alipitisha macho juu ya bega la mkwewe.

"Mama, usikasirike nikikuambia kitu?"

"Sema, mwanangu."

"Hii sentensi ya mwisho. Unaiandika kila wiki."

"Ndiyo mwisho wenyewe huo."

"Lakini si kweli. Nimeona makreti ya Dana kwa macho yangu. Ukiandika 'wachache', maana yake wawe wachache. Gatini watu wanasema wanavyosema, sawa, maneno yanapeperuka. Gazeti linabaki. Wanafunzi wangu wakiandika kitu ambacho sicho, nawakatia alama."

Arvilla aliona haya. Haya ya darasa la sita haiishi, hata mtu akizeeka. Na chini ya haya hiyo palikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinatafuta mlango wa kutokea, nacho ni sauti ya Lowell ikisema kuku.

"Kwa hiyo ungeandikaje wewe?"

"Ukweli tu, Mama. Usitaje mahali."

Akaifuta ile sentensi kwa kifutio, akapuliza vumbi lake, akaandika nyingine: Wiki hii Dana Crowley ameleta kambakoche ambao ghuba hii haijawaona tangu enzi za babu yake. Akaisoma mara ya pili. Mahali hakupataja. Akafurahi, akajua kabisa kwamba anafurahi, akaikunja karatasi.

Mahali hapakuhitaji kutajwa. Maboya ya Dana, yanayoelea juu ya madema yake, ni ya manjano yenye mshipi mwekundu, na yeyote mwenye darubini pale Stave aliweza kuyaona yamejipanga mbele ya Mwamba Mweusi kama vifaranga.

Jumamosi Dana alirudi kabla ya chakula, uso umemvimba kwa hasira. Alitupa gazeti juu ya meza, na kando yake kipande cha kamba kilichofungwa mafundo mawili.

"Hii nimeikuta kwenye boya langu. Na la pili yake. Na la tatu. Yote, Mama."

Paige aliuliza mafundo yana nini. Dana hakumtazama.

"Yana maana 'ondoka'. Ukiweka madema pasipo pako, mwenyewe anakufungia fundo. Ni onyo. Ukikaidi, anakata kamba, dema linabaki chini ya bahari. Lakini pale ni petu! Wamenifungia mafundo kwenye maji ya babu yangu!" Akamgeukia mamake. "Mimi wakiniuliza gatini ninajibuje?"

Arvilla aliishika ile kamba yenye mafundo.

"Nakuuliza. Ninajibuje?"

"Wachache."

"Na wewe umeandikaje?"

"Dana, ni mimi niliyemwambia," Paige akasema. "Ilikuwa kweli."

"Kweli!" Alicheka vibaya. "Nani amewahi kuhitaji kweli hapa? Lowell alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua. Mtu akijua na hukumwambia, anaweza kukaa kwake bila kuaibika. Ukishamtangazia mbele ya wilaya nzima, atamwambiaje mwanawe abaki nyumbani?"

Arvilla alitaka kumwambia kuhusu lile la dukani, kuhusu kuku. Lakini aliona litakuwa kuni kwenye moto, akalimeza.

Dana alifungua mafundo yote akaacha madema yake palepale. Jumatatu alikuta kamba zimekatwa, maboya yanaelea peke yake. Hapo ndipo na yeye alipokosea, kosa ambalo hata walevi wa Pettee hawalifanyi. Mpaka ukivunjwa unafunga mafundo kwanza, hata kama mwenzio amekukata. Unarudisha mambo nyuma hatua moja, watu wanapata nafasi ya kupumua. Dana hakufunga. Kesho yake alitoka kabla jua halijapanda, akarudi na gari lake la mzigo limejaa maboya ya bluu na nyeupe, vichwa vitupu vyenye mikia ya kamba iliyokatwa kwa kisu. Yalikuwa ya Curtis Dorr, mwana wa Lowell. Akayamwaga uani mbele ya dirisha la jikoni.

"Yatoe hapo," Arvilla akamwambia. "Dana, yatoe, naogopa hata kuyatazama."

"Acha wayaone."

Waliyaona.

Walikuja mchana kweupe, wakati Dana anashusha makreti ya chambo gatini. Curtis alikuwa mbele na kasia mkononi, kijana mwenye mabega kama mlango. Nyuma yake Everett, mume wa dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimtilia chambo kwenye boti. Na nyuma kabisa, mikono mifukoni, Lowell.

"Mvuvi mkubwa!" Curtis akaita. "Tumekusoma kwenye gazeti! Tumekuja utuwekee sahihi!"

Kasia lilimpata Dana sikioni kabla hajageuka vizuri. Alianguka juu ya makreti, samaki wa chambo waliooza wakamwagika, akainuka anateleza juu ya samaki, akampiga Curtis ngumi ya pua ikalia kama kijiti kinachovunjika. Everett akamshika kwa nyuma. Curtis, damu inamchuruzika hadi kidevuni, akampiga tumboni, akampiga tena, halafu akachukua kasia kwa mikono miwili akampiga mdomoni. Arvilla alikuwa anashuka kilima mbio na aproni yake. Alisikia lile pigo akiwa mbali, na alipofika, meno ya mwanawe yalikuwa juu ya mbao pamoja na magamba ya samaki.

Alimrukia Curtis mgongoni. Akamkwangua uso. Curtis alimpukuta kama mtu anayevua koti, Arvilla akaangukia kiuno.

"Lowell!" alipiga kelele kutoka pale chini. "Waambie waache! Watamuua!"

Lowell alimtazama. Hakuwa na furaha usoni, wala huruma.

"Umeandika mwenyewe, Vila. Sisi tumesoma tu."

Wakamwacha Dana ameshika magoti, sikio limening'inia, na walipokuwa wanaondoka Everett aliokota kopo la rangi akaimwagia ile boti mpya kuanzia mbele hadi nyuma.

Daktari alilishona sikio. Meno hayashonwi. Dana alikaa jikoni siku mbili anakunywa supu kwa mrija, hasemi, na kule kunyamaza kulimtisha Arvilla kuliko damu. Akaketi akaandika habari zake za wiki. Aliandika kuhusu ubatizo na mbwa aliyepotea. Mwisho akairudisha ile sentensi yake ya zamani, neno kwa neno, kama mtu anayerudisha kifuniko kwenye chungu kilichokwisha kufurika. Akaendesha gari mwenyewe hadi kwa mhariri, akamsihi isiachwe.

Haikuachwa. Alhamisi ilichapishwa.

Pale Pettee kila jiko lina redio ya boti juu ya jokofu. Wanawake huiacha wazi tangu alfajiri, wanasikiliza waume na watoto wao wakizungumza huko nje, lakini hawaongei. Ni desturi. Chombo cha kusemea kinaning'inia pale kwa siku ya ajali tu.

Asubuhi ya Ijumaa Arvilla aliamka akakuta Dana hayumo kitandani. Paige alikuwa amekaa ukingoni, miguu chini, anatazama ukutani penye misumari miwili ya kutundikia bunduki. Haikuwepo.

"Nilizificha risasi," Paige akasema. "Kwenye kopo la unga. Nilizificha, Mama."

"Ana nyingine botini," Arvilla akajibu. "Wote wanazo. Za kupigia sili majini."

Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye nyasi, huoni hata uzio. Akakimbilia redioni. Mwanzoni ni mkwaruzo tu, halafu sauti ya Curtis ikaingia, pua bado imeziba kwa ile ngumi.

"Dana Crowley! Dana, unanipata? Nimekuona kwenye rada yangu, uko hapo mwambani. Nina gazeti la jana hapa. Sikiliza. 'Kambakoche ni wachache, na mmoja hamwoni mwenzake.' Mama yako anasema wameisha, bwana! Wiki moja tu! Waliugua nini?"

Watu wakacheka redioni, sauti nyingi, za boti nyingine zilizojificha ukunguni.

"Sasa kama hakuna kitu," Curtis akasema, "ondoka. Hutapoteza chochote. Niachie mimi huo umaskini."

Kisha Dana, kwa mdomo usio na meno ya mbele, maneno yanavuja:

"Njoo uuchukue."

"Nakuja."

Arvilla alisikia injini ikipanda nyuma ya sauti ya Curtis. Alisikia Everett akisema, "Polepole, Curtis, huoni kitu." Na hapo akavunja desturi. Alikishika chombo cha kusemea, akabonyeza kwa dole gumba mpaka likawa jeupe.

"Dana. Ni mama. Rudi nyumbani."

Akaachia kitufe, akasikiliza mkwaruzo, akabonyeza tena.

"Dana, mwanangu, waachie. Waachie wote waliomo. Rudi."

Alipoachia kitufe, wa kwanza kusikika alikuwa Curtis.

"Umesikia, Dana? Mama anaita! Maharage yanapoa! Kimbia ukale maharage, mtoto mzuri, huna hata meno ya—"

Kishindo kikaingia redioni. Ubao juu ya ubao, mbao zikipasuka, mtu akitukana. Curtis alikuwa ameigonga boti ya Dana ubavuni. Halafu mlio mmoja, mkavu, usio mkubwa hata kidogo. Paige alikuwa mlangoni kwa gauni la kulalia, akaziba masikio.

Halafu Everett, na sauti yake haikuwa tena ya mtu mzima.

"Amempiga! Jamani, amempiga tumboni! Curtis, lala, usiinuke. Usiinuke! Inatoka yote, siwezi kuishika, mikono yangu haitoshi. Njooni mtu yeyote! Mwamba Mweusi! Njooni!"

Kwa muda mrefu redio ilikuwa ni Everett akilia na nyuma yake mtu mwingine akihema kama anayepanda ngazi. Kila jiko la Pettee lilisikia, na kila jiko la Stave. Mamake Curtis alikuwa ameshakufa, namshukuru Mungu kwa hilo. Lowell alikuwa nje kwenye boti yake, anazunguka ukunguni anaita jina la mwanawe, na hakuwa anauona hata mkono wake.

Mwisho ikaja sauti ya Dana. Ilikuwa imetulia kabisa.

"Mama. Zima redio."

Hakuizima. Mama gani angeizima?

Everett hakuweza kuendesha. Boti yao ilikuwa imepasuka mbele na inaingiza maji, mikono yake inateleza kwa damu. Basi Dana mwenyewe aliifunga kamba, boti kwa boti, akaikokota Stave. Alijua anakokwenda. Aliingia kwenye bandari ya watu aliowapigia mtoto risasi, anamleta mtoto mwenyewe nyuma, na kabla hajafunga gatini Curtis alikuwa amekwisha kuacha kuhema. Watu wa Stave walimshusha Dana kwa nywele. Walimpiga kwa miti yenye kulabu wanayovutia maboya, wakampiga kwa buti, hadi polisi walipofika wakapiga bunduki hewani. Jicho la kushoto lilibaki palepale gatini. La kulia ndilo atakalotumia kutazama kuta za gereza, na Paige humpelekea picha huko, kwa sababu barua anasema zinamchosha kichwa.

Hapa ndipo Arvilla alipodhani yameisha, maana alidhani hakuna kilichobaki cha kuchukuliwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi ya Curtis, mchana, mlango wa jikoni ulisukumwa bila hodi. Lowell Dorr aliingia na koti lake la mvua na kisu cha kazi kiunoni. Paige akainuka haraka. Arvilla hakuinuka. Alikuwa mezani, karatasi mbele yake, penseli mkononi. Ilikuwa siku yake ya kuandika na alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi hajaandika herufi.

"Kama umekuja kunifanya kitu," akasema, "mwache huyu binti atoke kwanza."

Lowell alivuta kiti, akaketi. Akaweka juu ya meza boya la bluu na nyeupe, kamba yake imekatwa kwa kisu.

"Hili lilikuwa uani kwako. Mengine nimeyapakia garini." Akaigusa karatasi. "Niandikie Curtis."

"Lowell..."

"Gazeti letu ni hili hili, na wewe ndiye unayeandika. Andika. Curtis Dorr, wa Stave. Mwana wa Lowell na marehemu Muriel. Alikuwa fundi wa injini kuliko mimi. Usiongeze maneno mazuri. Maneno yako mazuri nimeshayaona."

Akaandika. Herufi zilikuja kubwa kubwa kama za mtoto. Lowell aliinama akazifuata kwa midomo, vile vile alivyokuwa akisoma darasani zamani, wakati Arvilla akimnong'onezea maneno magumu.

"Nilikutania tu siku ile dukani," alisema ghafla, bila kuinua macho. "Lile la kuku. Nilijua Dana amepata mahali. Nilijua tangu Julai. Niliwaambia vijana, 'Wachache kule, msijisumbue.' Nao walijua kuwa najua. Na walikaa."

Mkono wa Arvilla ulikuwa umesimama chini ya jina la Curtis, pale ambapo kila wiki huja sentensi ya mwisho.

"Na uvuvi?" Lowell akauliza. "Utaandikaje?"

Wote watatu mle jikoni walijua. Hakuna boti iliyokwenda mwambani tangu siku ile, ya Pettee wala ya Stave. Madema yaliyosalia chini kule yalikuwa yamejaa hadi kambakoche wanakulana ndani, kwa sababu hakuna wa kuyavuta. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wanajua pia, wamekaa na bunduki zao, wanangoja kuambiwa tu kwamba pana kitu cha kupigania. Everett alikuwa ameonekana anasafisha ya kwake. Na wapwa wa marehemu mumewe Arvilla, upande huu, nao vile vile.

Akaandika. Kambakoche ni wachache, na mmoja hamwoni mwenzake. Akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

Lowell aliisoma mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kama mtu anayemsikitikia mvuvi aliyerudi mikono mitupu.

"Poleni," akasema. "Na kwetu ndivyo hivyo."

Kisha akainuka, akaishusha ile redio kutoka juu ya jokofu kwa mikono miwili, waya na vyote, akaibamiza sakafuni. Akaikanyaga kwa kisigino cha buti. Akaikanyaga tena, na tena, anahema, hadi ikawa vipande na kisigino kikawa kinapiga mbao tupu. Hakuna aliyemzuia. Alipomaliza alichukua boya lake akatoka, mlango akauacha wazi.

Paige aliufunga. Akaleta ufagio akazoa vile vipande, akapiga magoti kutoa vioo chini ya jokofu. Halafu akafuta mikono, akaichukua karatasi mezani. Arvilla alimtazama akisoma, yeye mwenyewe ameshika kifutio ndani ya kiganja bila kujua kwamba amekishika.

Paige alisoma jina la Curtis. Akasoma sentensi ya mwisho. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye bahasha, akalamba, akavaa koti lake kwenda kuiposti kabla gari la barua halijapita.